Mume wa Mpangaji Wetu

Mama yangu alikuwa na mpangaji mmoja tu, na mpangaji huyo alikuwa mwanamke asiyejua kama yeye ni mke au ni mjane.

Mumewe alikuwa fundi wa mabehewa katika karakana ya reli kule Changamwe. Watu wao walikuwa wa bara, wa kabila lililobeba mzigo mzito kuliko wote wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na Waingereza. Asubuhi moja askari waliizunguka mitaa ya Changamwe, wakawakusanya watu wa kabila hilo uwanjani, wakawakalisha chini juani. Baadhi waliachwa warudi majumbani, na baadhi walipandishwa malori. Yule fundi alimwambia mkewe, "Narudi sasa hivi, usimwage chai." Hakurudi. Na kwa kuwa chumba walichokaa kilikuwa cha reli, haukupita muda mkewe akatolewa nje, yeye na mtoto wao wa kike aliyekuwa bado ananyonya.

Alivuka hadi Likoni kwa sababu Likoni hakuna aliyemjua. Mama alimkuta karibu na feri akiwa amekaa juu ya furushi la nguo. Mama alikuwa akitoka kuuza muhogo, kikapu kitupu kichwani. Akamuuliza, "Mwanangu, wamngoja nani?" Yule mwanamke akasema hamngoji mtu. Mama akamwambia, "Basi nyanyuka, twende." Hivyo ndivyo alivyopata chumba cha uani katika nyumba yetu ya makuti. Mimi nikamwita dada, kwani alikuwa amenizidi umri kidogo.

Wako majirani waliosema maneno. Mjomba wangu, kaka yake mama, alisema wazi wazi kwamba dada yake anafuga mambo asiyoyajua. Mama hakujibizana naye. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkera, akilirudia hata akikuna nazi. "Kama mumewe amekufa, haki yake alie, akae eda yake kwa desturi zao, kisha aendelee na maisha. Kama yu hai, haki yake amngoje. Lakini kumwacha mtu hivi, si huku si kule, hili ni jambo gani?"

Emajensi ilipoondolewa, watu walianza kurudi kutoka kambini. Tulisikia fulani amerudi Kisauni, mwingine ameonekana sokoni. Dada akawa anavuka kwenda kisiwani Mombasa kila alipopata nafasi, anakwenda afisi za serikali kuuliza. Jawabu lilikuwa moja: jina halimo, nenda ungoje. Alirudi na viatu mkononi, akakaa kwenye kizingiti, akachagua maharagwe ya kupika na kuuza kesho. Sikumwona akilia hata siku moja.

Mimi wakati huo nilikuwa sijaolewa, ni mwalimu katika shule ya wasichana kisiwani, na jioni nilifundisha Kiswahili nyumba moja Mkomani. Mwanafunzi wangu alikuwa mke wa konseli wa nchi moja ya ng'ambo, nchi ya Waislamu iliyokuwa imejitoa mikononi mwa Waingereza si miaka mingi nyuma. Kwa cheo alikuwa konseli tu, kazi yake mambo ya meli, biashara na mabaharia wa kwao waliopatwa na mikasa bandarini. Lakini nyumbani kwetu aliitwa Balozi, na mimi nimezoea kumwita hivyo hadi leo.

Mkewe alikuwa mtu wa maswali. Siku moja tulikuwa kwenye maneno ya jamaa: mume, mke, mkwe, wifi, mjane. Akaniuliza, "Na mwanamke ambaye mumewe hajulikani alipo, mnamwitaje?" Nikafikiri. Nikamwambia hatuna jina lake, ila tunaye mmoja nyumbani. Nikamweleza habari za dada. Alifunga daftari, na somo likaisha hapo.

Wiki ile ile Balozi aliniita barazani. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa maneno, mwenye mvi za mapema. Aliniuliza habari ya fundi yule: kazi yake, umri wake, alichukuliwa lini na nani alimwona. Kisha akazungusha kikombe chake cha kahawa.

"Mwalimu," akasema kwa Kiingereza, "mimi hapa ni mgeni. Nimeletwa kuwaangalia watu wa nchi yangu. Nikiuliza habari za mtu asiye wangu, wataniambia nachungulia nyumba ya watu."

Nikamjibu kwamba nafahamu, na nikainuka niage.

"Kaa kwanza," akasema. "Mimi pia nilifungwa na hawa hawa, nilipokuwa kijana. Nilipotoka nikaenda nyumbani, nikagonga mlango, shangazi yangu akapiga ukelele. Walikwisha kunisomea hitima. Walichinja na mbuzi." Akacheka. "Mama yangu hakusadiki kwamba ni mimi mpaka aliponishika masikio yote mawili."

Hakusema atafanya nini. Lakini kwa mkewe nilikuja kujua kwamba alianza kuuliza. Aliuliza kwenye chai ya Mzungu mmoja mkubwa wa serikali, kwa adabu, kana kwamba ni jambo lililomjia tu akilini. Akaambiwa jina halimo. Akauliza tena kwenye karamu nyingine, kwa mtu mwingine. Nasikia ilifika mahali wakubwa wakimwona anakuja na kikombe chake wanageukia upande wa pili.

Siku zile serikali ilikuwa inaulizwa maswali mengi na nchi za nje kuhusu kambi. Ili kuwanyamazisha, ikawaalika makonseli waliotaka waende wakaone kambi moja iliyobaki, huko nyika kavu, mwendo wa saa nne kwa gari. Wengi walitoa udhuru wa joto. Balozi alikubali mwaliko kwa shukrani nyingi, kisha akaomba kitu kimoja: aende na mkalimani wake mwenyewe. Walipomuuliza mkalimani huyo ni nani, akasema ni mwalimu wa mkewe. Nadhani walicheka, wakaona msichana wa buibui atajua nini. Wakakubali.

Mama ndiye aliyekataa. "Mwari wangu apelekwe nyikani na wanaume, kwani hana wenyewe?" Nikamwambia bibi wa Balozi atakuwamo. "Huyo ni wao, si wetu." Tukabishana siku mbili. Mwishowe akatoa shauri ambalo sikuliwaza: "Vema. Basi nami n'takwenda."

Nilimfikishia Balozi habari hiyo kwa aibu. Akafurahi sana. Akasema mama na atuheshimu kwa kufika.

Basi tukaondoka baada ya sala ya alfajiri, Balozi mbele na dereva wake, sisi wanawake watatu nyuma, na kapu la mama miguuni petu: mikate ya mofa, samaki wa kukaanga, na chupa ya chai ya tangawizi. Dada alitusindikiza mpaka garini. Alimtazama mama tu, na mama akamwambia, "Inshallah."

Kambi ilikuwa mahali pasipo na mti wa kivuli. Tulipokewa na mkuu wake, Mzungu kijana kuliko nilivyotazamia, mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Alituonyesha mabweni yaliyopakwa chokaa mbichi, inanuka. Alituonyesha jiko na vyungu vya nyama vinavyochemka. Kisha tukapelekwa mbele ya safu ya wafungwa waliovaa kaki mpya, bado zina mikunjo ya dukani. Mimi nikawa namuulizia Balozi na kumfasiria.

"Mnapata chakula cha kutosha?"

"Ndiyo, bwana, twapata."

"Mnapigwa?"

"Hapana, bwana, hatupigwi."

Kila mmoja alijibu vile vile, akitazama juu ya kichwa changu. Mmoja alipojibu "hatupigwi" mkono wake ulikuwa ukitetemeka, na alipoona nimeuona akauficha nyuma. Nilifasiri maneno yake kama alivyoyasema. Sikujua mkono niufasiri vipi.

Balozi hakuonyesha lolote. Tulipofika mwisho wa safu alitaja jina la yule fundi, akauliza kama yupo. Mkuu wa kambi hakufikiri hata kidogo. "Huyo hayupo hapa. Alihamishwa zamani."

"Alihamishiwa wapi?"

"Sina habari. Kambi nyingi zimefungwa."

Njia yote ile, na jawabu ni lile lile la afisini kisiwani. Mke wa Balozi alinishika mkono.

Wakati huo adhuhuri imeingia, na mama, ambaye alikuwa amekaa garini mlango wazi, alishuka akasema anataka maji atawadhe. Mkuu wa kambi akaashiria askari mmoja ampeleke. Yule askari alikuwa Mwislamu, akamwamkia mama "shikamoo" kama inavyopasa, akamwongoza kwenye tangi lililokuwa nyuma ya jiko. Yaliyotokea huko nayasimulia kama mama alivyoyasimulia, na aliyasimulia mara nyingi bila kubadilisha.

Alipokuwa anaosha miguu alisikia mtu anakohoa. Akageuka, akaona nyuma ya uzio wa miti kuna banda la mabati, na ndani yake watu wamelala chini juu ya magunia. Watu wale hawakuwa na kaki mpya. Askari akatazama pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, maliza kutawadha twende." Mama akamaliza. Kisha akanyanyua sauti, sauti ile aliyokuwa akiniitia kutoka shambani hadi kwa jirani wa tatu:

"Enyi wanangu! Nani hapo aliyekuwa fundi wa mabehewa Changamwe, aliyemwambia mkewe asimwage chai?"

Halafu mkono mmoja ukainuka kutoka kwenye magunia.

Mama alisali kwanza. Alisema aliogopa akimwambia mtu kabla hajasali, hasira ingemharibia sala. Alipokuja tulipokuwa tumesimama alimwendea mkuu wa kambi moja kwa moja, ushungi umemteleza, na akazungumza kwa Kiswahili ambacho yule Mzungu alikifahamu vizuri bila mimi.

"Mwanangu, wewe umezaliwa na mama? Yule uliyesema hayupo, yupo. Yuko nyuma ya jiko lako, mguu umemvimba kama shina la mgomba. Wallahi, mtu mzima hasemi uongo mbele ya wageni wake!"

Uso wa yule kijana ulikuwa mwekundu tangu mwanzo, sasa ukaingia weupe. Askari walikuwa wanatutazama. Nilidhani tutafukuzwa, au mama atakamatwa. Na hapo ndipo Balozi alipomsogelea yule mkuu, akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua:

"Bwana, kambi ni kubwa na watu wanahamishwa kila siku. Mtu aweza kusahaulika. Nafurahi kwamba tumemkumbuka pamoja. Nitashukuru ukiniruhusu nimsalimie, na nitashukuru zaidi nikisikia kwamba daktari amemwona wiki hii."

Mkuu aligeukia upande wa jiko. "Bila shaka," akasema. "Nitaulizia ilivyokuwa."

Tukapelekwa bandani. Balozi alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake nyeupe, akampa mkono yule fundi. Fundi alikuwa mtu aliyekonda, ndevu zimechanganyika mvi, macho makubwa. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa cheusi kwa uchafu. Nilimwambia mkewe yu hai, yuko Likoni kwetu, na mtoto anaanza madrasa... nikajirekebisha, anaanza shule, ila madrasa hufuata wenziwe na kurudi akisoma alifu. Kinywa chake kikatikisika, nadhani alitaka kucheka.

"Una neno la kumpelekea?" nikamuuliza.

"Mwambie asiuze cherehani."

Balozi aliwasalimia wote waliokuwamo bandani, mmoja mmoja, akauliza jina la kila mtu na kumwomba mkuu wa kambi asikilize pia. Alisema hilo kwa adabu ile ile. Yule mkuu ikambidi asimame pale mpaka jina la mwisho.

Tulikuwa tumeshakwenda mbali na kambi. Mama akaniambia, "Mwambie Balozi sikupenda."

Nikafasiri.

"Mwambie amemfungulia mlango mwongo akatoka na heshima zake. Mimi nilikuwa nimemkaba."

Balozi aligeuka kwenye kiti. "Mwambie mama anasema kweli. Lakini mwambie hivi: mimi na yeye tunarudi Mombasa leo. Yule mgonjwa analala kule, mikononi mwa yule kijana. Nikimwacha kijana na aibu, usiku huu ataimalizia kwa nani?"

Mama alitazama nje kwenye vichaka. Tulipita vijiji viwili. Kisha akafungua kapu, akavunja mkate wa mofa, akaweka kipande kikubwa cha samaki juu yake, akampelekea Balozi begani. "Mwambie ale," akasema. "Amekaa na njaa tangu asubuhi."

Jua lilikuwa bado halijatua tulipofika Likoni. Dada alikuwa amesimama karibu na feri, amemshika mtoto mkono. Mama alimwambia kabla hajateremka vizuri: "Yu hai, mwanangu. Nimemwona kwa macho yangu, ila mguu wamuuma." Dada hakulia. Akauliza mguu gani unaomuuma. Akauliza kama meno yake yapo. Akauliza alikuwa amevaa nini, akalala juu ya nini. Tulijibu yote. Nikakumbuka ujumbe, nikamwambia, "Amesema usiuze cherehani."

"Niliiuza mwaka ule ule," akasema. "Ndiyo iliyonivusha." Na hapo akakaa chini kwenye mchanga, akalia machozi ya miaka yote, akiililia cherehani, watu wanashuka ferini wakimpita, na mama amesimama mbele yake amekunjua buibui kumkinga wasimwone.

Fundi hakuachiliwa mara moja. Ilichukua miezi. Daktari kweli alikwenda, na wagonjwa kadhaa wa banda lile, yeye akiwa mmoja wao, waliletwa hospitali kisiwani. Dada akaruhusiwa kumwona, askari akiwa mlangoni. Wakati huo wote Balozi aliendelea kuuliza, na sasa makonseli wengine wawili walikuwa wakiuliza pamoja naye. Aliitwa akaambiwa ajue mipaka yake. Hata wakubwa wake wa nyumbani walimwonya kwamba hawakumtuma huku kutafuta wafungwa bali kuuza na kununua. Mkewe ndiye aliyenisimulia, tena akiwa na hasira. Balozi mwenyewe nilipomuuliza alisema tu, "Wamenikemea kwa upole. Nami naendelea kwa upole."

Siku fundi alipovuka na feri, akitembea kwa gongo, mjomba wangu alikuwa wa kwanza kumwona, kwa bahati mbaya yake, maana alikuwa amekwenda kununua tumbaku. Ilimbidi amwamkue. Kisha, kwa kuwa njia ya kwetu ina mchanga mwingi na gongo lilikuwa linazama, ilimbidi ampe bega. Wakaingia uani pamoja, mjomba amekunja uso kama aliyebebeshwa mzigo wa mtu mwingine. Lakini alikaa mpaka chai ilipokwisha.

Sitasema kwamba mambo yalikuwa mepesi. Fundi hakuweza kukaa chumbani mlango umefungwa. Akila alizungushia sahani mkono. Mtoto hakumjua, akamwita "bwana" kwa muda mrefu, na dada alipomlazimisha aseme baba, fundi alimkataza. "Mwache. Atasema mwenyewe akitaka." Siku nyingine dada alikuja kwetu jikoni, akakaa, na mama akampa kazi ya kuchambua mboga.

Nje nako mambo yalikuwa yanapamba moto. Uhuru ulikuwa unakaribia, na pwani watu waligawanyika. Wako waliotaka mwambao uwe na mambo yake wenyewe, mjomba akiwa mstari wa mbele, wakihofu kwamba watu wa bara watatumeza. Nami, ukweli, sikumwona mjinga. Hofu ilikuwamo hata ndani yangu. Balozi alipokuja kutuaga, kwa maana alihamishwa kabla ya uhuru, mjomba alimuuliza mbele ya wote, kwa Kiswahili cha kufoka kidogo:

"Bwana Balozi, umewatetea hawa walipoonewa. Hawa wakishika nchi wakatuonea sisi, nani atatutetea?"

Mama akamkodolea macho. Fundi alikuwa amekaa pale pale, akatazama chini. Nilifasiri, nikitamani ardhi inimeze.

Balozi hakulikimbia swali. "Sijui," akasema. "Siwezi kukuahidi. Mtu kama mimi hana askari wala sheria. Kazi yangu yote ni kuuliza, na kuuliza tena. Lakini pahali ambapo hakuna anayeuliza, nimepaona, na huyu mume wa mpangaji wenu amepaona."

Fundi akainua uso. Akamwambia mjomba, kwa Kiswahili chake cha reli, "Mzee, wakikuonea nitauliza mimi." Mjomba akaguna. Sijui kama aliamini. Lakini alimsogezea fundi bakuli la tende.

Balozi na mkewe walisafiri kwa meli. Walituletea salamu za Idi kwa miaka kadhaa, kisha zikakatika, na sikujua waliishia wapi.

Siku ya uhuru Likoni nzima ilivuka kwenda kisiwani kutazama gwaride na ngoma. Fundi hakwenda, alisema hawezi kusimama katikati ya watu wengi na askari. Mama naye hakwenda, alisema jua kali. Nilirudi alasiri nimechoka, nikawakuta wawili hao uani wanamenya kunde, mtoto amelala kwenye mkeka kati yao. Mama aliniuliza ngoma zilikuwaje. Fundi aliendelea kumenya, kisha akaniambia reli imemrudisha kazini, si kwa mabehewa tena, kwa ajili ya mguu, bali stoo ya vifaa, na kwamba wamepewa chumba Changamwe kuanzia mwezi ujao.

"Utaondoka, basi?" nikasema.

"Tutaondoka," akajibu. "Mama yako amekataa nimlipe kodi ya nyuma. Nimejaribu tangu asubuhi."

"Na usijaribu tena," akasema mama, akasukuma maganda ya kunde kwa mguu, akaniambia nikatie moto maji ya chai.